Picha ya kuchorwa ya babu sebuleni: fundi alichora sura au alichora mali?

#1 Mjukuu wa Seremala
Wakuu, salaam. Tumemzika bibi mwezi uliopita huko Tanga, na tangu siku ya arobaini kuna jambo halinitoki kichwani.

Sebuleni kwake Makorora kuna picha ya babu iliyochorwa kwa rangi ya mafuta juu ya kitambaa, kubwa kama mlango wa kabati la vyombo. Babu amekaa kitini, koti jeusi, tai nyekundu, mikono juu ya magoti, saa ya dhahabu mkono wa kushoto. Pembeni chini fundi kaandika 1974. Jina lake limefifia, halisomeki.

Sasa tatizo. Babu alikuwa seremala maisha yake yote, na baba na shangazi zangu wote wanasema hakuwahi kumiliki saa. Zaidi ya hapo, msumeno ulimkata ncha ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kabla baba hajazaliwa. Kwenye picha vidole vyote kumi vimetimia, na kucha zake!

Hoja yangu ni hii: picha ya kuchorwa ya familia haikuwa kumbukumbu ya mtu, ilikuwa tangazo la mali. Ukitaka kumbukumbu unapiga picha studio. Ukichorwa, unawaambia wageni kwamba hapa kuna uwezo. Anayepinga karibu.

#2 Bint Ngamiani
Pole na msiba ndugu yangu, Mungu amrehemu bibi.

Napinga. Umeruka swali la kwanza: nani alilipa? Kwetu picha ya marehemu baba ililetwa na mama, kwa pesa ya upatu, na baba hakuulizwa. Mama ndiye aliyemwambia fundi amvalishe koti, kwa sababu alitaka watoto wamwone baba yao kama yeye alivyomwona siku ya harusi. Hilo si tangazo la mali. Tafuta kwanza kama babu mwenyewe aliitaka hiyo picha.

#3 Fundi Rangi
Nachora picha za watu Arusha mwaka wa kumi na tisa sasa, niseme tunavyofanya.

Mteja haji kukaa mbele yako. Analeta picha ya pasipoti, mara nyingi imekunjwa, mara nyingine ya mtu aliyekwisha kufariki. Unaipiga miraba kwa penseli, unapiga miraba ileile mikubwa kwenye kitambaa, unahamisha mraba kwa mraba. Kitambaa ni amerikani, unakikaza kwenye mbao, unakipaka gundi ya mbao iliyochanganywa na rangi nyeupe mara mbili, kikikauka unapiga msasa. Wazee walionifundisha walisema zamani rangi ikikosekana walichukua rangi ya milango wakailegeza kwa mafuta ya taa.

Sasa angalia: picha ya pasipoti inaishia mabegani. Koti, tai, mikono, kiti, vyote fundi anavitoa kwingine. Kwa hiyo kidole cha babu yako hakikufutwa na mtu. Fundi hakuwahi kukiona.

Na bei inakwenda hivyohivyo. Kwangu kichwa na mabega ni laki moja na nusu. Mikono ikiingia ni laki mbili na nusu, maana mkono unanila siku mbili kamili. Aliyelipia mikono miwili mwaka 1974 alilipia kweli.

#4 Kobe wa Changuu
Fundi Rangi umenigusa hapo kwenye bei, kwa sababu bei ya sehemu za mwili si ya Arusha peke yake. Uingereza ya karne ya 18 wachoraji walikuwa na orodha: kichwa bei yake, nusu mwili bei yake, mwili mzima bei yake. Joshua Reynolds mwaka 1782 alitoza gini 200 (gini ni pesa ya zamani ya Waingereza) kwa mwili mzima. Na nguo hakuzichora zote mwenyewe, kulikuwa na mafundi maalumu wa kuchora nguo tu. Picha ikitoka inaitwa ya Reynolds.

Ila iliyonifurahisha zaidi ni ya Marekani. Mchoraji mmoja wa Maine, William Matthew Prior, alitangaza gazetini mwaka 1831 kwamba mwenye kutaka picha bapa, isiyo na kivuli, ataipata kwa robo ya bei. Yaani kivuli kilikuwa kinauzwa! Baadaye akiwa Boston picha zake za saa moja ziliuzwa dola 2 na senti 92, fremu na kioo ndani yake. Kwa hiyo mgeni akiingia sebuleni alijua bei kwa kutazama shavu: lina kivuli au halina.

Mleta mada, babu yako ana kivuli?

#5 Mjukuu wa Seremala
Ana kivuli, Kobe. Upande mmoja wa pua na chini ya kidevu. Kiti nacho kina kivuli sakafuni.

#6 Dulla Chumbageni
Basi mzee alikuwa tajiri, familia imekuficheni urithi. Tafuteni hati za nyumba nyuma ya fremu 😀

#7 Mama Wawili
Dulla, wenzako wana msiba.

Mimi nasimama na mleta mada, ila nataka kuongeza upande mchungu. Nilipokwenda London kumwona dada niliingia National Portrait Gallery. Kuna picha ya Louise de Kéroualle, hawara wa mfalme Charles wa Pili wa Uingereza, iliyochorwa na Pierre Mignard mwaka 1682. Mama wa watu kavaa hariri, kamkumbatia mtoto wa Kiafrika, msichana mdogo hivi, lulu shingoni. Huyo mtoto anampa kombe lililojaa lulu na tawi la marijani jekundu. Nilisimama pale muda mrefu. Lulu ni mali, marijani ni mali, na mtoto kachorwa kwa sababu ileile. Jina la bibi mkubwa limeandikwa, jina la mtoto hakuna.

Kwa hiyo ndiyo, picha za namna hii ni orodha ya mali. Wakati mwingine mali yenyewe ni binti wa mtu.

#8 Bint Ngamiani
Mama Wawili, hapo umeninyamazisha kwa muda. Lakini hiyo ni picha ya jumba la kifalme. Seremala wa Makorora tusimweke kundi moja na hawara wa mfalme.

#9 Mwana Katuba
Jambo bandugu. Niko Lubumbashi, nawasoma tangu asubuhi.

Huku miaka ya sabini karibu kila salon, yaani sebule, ya mfanyakazi wa migodi ilikuwa na picha ya kuchorwa. Wachoraji walichora juu ya magunia ya unga. Wengi hawakununua sura zao, walinunua Mamba Muntu, yule mwanamke nusu samaki, ambaye watu wanasema anampa mtu utajiri kwa masharti yake. Baba yangu alikuwa naye ukutani, na pembeni picha yake mwenyewe ya kuchorwa, tai shingoni. Hakuwa na mali. Alikuwa anaitafuta. Kwa hiyo ninyi mnasema picha inaonyesha mali iliyopo, mimi nasema inaweza kuwa ni dua ya mali inayoombwa.

#10 Fundi Rangi
Dua. Nimelipenda hilo. Wateja wangu wengine huniambia waziwazi: "Nichoree nyumba ya ghorofa nyuma, najenga mwakani."

#11 Likoni Juu
Naungana na Mwana Katuba. Miaka ya tisini pale Likoni kwenye feri kulikuwa na vibanda vya wapiga picha, na nyuma yako wanashusha pazia lililochorwa: ndege, meli, majumba marefu. Nilipiga picha nikiwa darasa la sita, nimesimama ngazi za ndege, na viatu vya kaka. Hakuna aliyedhani nimepanda ndege. Nilimpelekea nyanya Voi naye akaiweka ukutani kwa fahari vilevile.

Na studio zilikuwa na koti la kuazima, tai, miwani, redio ya kushika, na SAA. Kwa hiyo jibu la saa ya babu ni rahisi: ilikuwa ya studio.

#12 Mjukuu wa Seremala
Likoni Juu, ingekuwa hivyo kama fundi alichora kutoka picha ya studio ya mwili mzima. Shangazi mkubwa anasema picha aliyopewa fundi ilikuwa ndogo, ya kitambulisho. Ya mwili mzima haijawahi kuwepo.

#13 Kobe wa Changuu
Nirudi kwa seremala, kwa sababu kuna picha moja inajibu hoja ya #1 kwa upande wa pili.

Boston, mwaka 1768. John Singleton Copley anamchora Paul Revere, fundi wa fedha. Hakumvalisha koti. Kamchora na shati jeupe la kitani, kidevu mkononi, mkono mwingine umeshika birika la chai la fedha, na juu ya meza vyombo vyake vya kuchonga. Birika lenyewe bado halijachongwa nakshi, yaani kazi haijaisha. Leo ipo Museum of Fine Arts, Boston. Hapo mali ni mkono wa mtu na kile unachojua kufanya.

Na Copley mwenyewe alilalamika katika barua kwamba watu wa mji wake wanaihesabu kazi ya uchoraji kuwa sawa na kazi yoyote ya mkono, kama useremala, ushonaji au utengenezaji viatu. Yeye aliona ni tusi. Mimi sioni tusi lilipo.

#14 Mwl. Pongwe
Kobe, nakurekebisha kidogo. Itazame ile meza. Ni mbao iliyong'arishwa mpaka birika na vidole vinaonekana ndani yake kama kwenye maji. Hakuna karakana yenye meza ya namna hiyo. Hakuna vumbi la fedha, hakuna mkwaruzo, na shati ni jeupe pee. Ni picha ya fundi aliyefanikiwa anayejionyesha kama fundi. Nayo ni njia ya kujionyesha.

Kisa chake cha baadaye ndicho kinachomhusu mleta mada. Wajukuu wa Revere waliiweka ile picha darini miaka mingi, hawakupenda babu yao aonekane bila koti. Ilitolewa kwa makumbusho mwaka 1930. Kwa hiyo mkuu #1, jiulize: babu yako angechorwa na randa na patasi mkononi, familia ingeitundika sebuleni?

#15 Mjukuu wa Seremala
Mwalimu, nimeisoma #14 mara tatu. Nimempigia baba nikamuuliza hivyohivyo. Amekaa kimya kidogo kisha akasema: "Mama asingekubali." Halafu akaongeza kwamba yeye binafsi angeipenda zaidi.

#16 Bint Ngamiani
Nilisema! Nani alilipa? Bibi!

#17 Mwl. Pongwe
Kutokubali si kulipa, Bint Ngamiani. Subira.

#18 Sultana 1840
Nimechelewa uzi mzuri. Naomba niwapeleke baharini kidogo.

Kobe na Fundi Rangi wametaja vitu viwili, picha za Marekani na kitambaa cha amerikani, bila kujua vimepanda meli moja. Karne ya 18 na 19 Ulaya na Marekani kulikuwa na picha ndogo za familia, za kutosha kiganjani, zilizochorwa kwa rangi ya maji juu ya kipande chembamba cha pembe ya ndovu. Pembe ilikatwa nyembamba mpaka mwanga unapita, na ndiyo maana ngozi ya mtu kwenye picha zile inaonekana ina uhai. Weupe wa shavu la bibi harusi wa Boston ni pembe yenyewe, inang'aa chini ya rangi nyepesi.

Zanzibar nayo ilikuwa soko kubwa la pembe. Mkataba wa biashara kati ya Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, na Marekani ni wa 1833, na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa wakifika hata kabla ya hapo. Wao walileta nini? Kitambaa cha pamba kutoka viwanda vyao, ndicho tukakiita amerikani. Pembe zilikwenda, amerikani ikaja. Fundi Rangi, kitambaa unachokipiga msasa Arusha kimepata jina lake katika biashara hiyohiyo.

Na mwaka 1840 Sayyid Said alituma meli yake, Sultana, mpaka New York, chini ya mjumbe wake, Ahmad bin Naaman. Pembe za ndovu zilikuwamo katika shehena. Hukohuko New York mchoraji Edward Mooney akamchora Ahmad bin Naaman kwa rangi ya mafuta. Picha yake iko Salem, Peabody Essex Museum. Mtu wa kwetu kachorwa kama bwana mkubwa miaka 134 kabla ya babu wa Makorora.

#19 Fundi Rangi
Sultana, nimekaa chini. Ile amerikani nainunua mita kumi kila mwezi. Sikuwahi kujiuliza.

#20 Mama Wawili
Tusisahau nani aliyebeba hizo pembe kutoka bara mpaka pwani, mabegani.

#21 Sultana 1840
Sawa kabisa, Mama Wawili. Nao hakuna aliyewachora kama mabwana wakubwa.

#22 Neema wa Usa
Naomba kuuliza swali la kawaida tu. Mleta mada, umesema saa iko mkono wa kushoto. Kushoto kwako unayetazama, au kushoto kwake babu?

#23 Mjukuu wa Seremala
Neema, nimebidi nimtume binamu akaangalie. Kushoto kwangu ninayetazama. Kwa hiyo kwake babu ni mkono wa KULIA.

#24 Neema wa Usa
Nilihisi. Watu wengi huvaa saa kushoto. Fundi Rangi, ukikosa mikono ya mteja unachora mikono ya nani?

#25 Fundi Rangi
Yangu. Nakaa mbele ya kioo, naweka mikono magotini, nachora ninachokiona kiooni. Na ukifanya hivyo, saa uliyovaa kushoto inatokea kwenye mkono wa kulia wa yule unayemchora. Mwalimu wangu alinikaripia sana kwa kosa hilo, kwa sababu pete ya ndoa inahama.

Mjukuu, inawezekana kabisa hiyo ni mikono ya fundi. Na saa ni ya fundi.

#26 Dulla Chumbageni
Kwa hiyo miaka hamsini familia inamsalimia babu mwenye mikono ya mtu mwingine? Safari hii sitanii, nimesisimka.

#27 Mwl. Pongwe
Taratibu. Kuna uwezekano mwingine: babu alikuwa mwenye kutumia kushoto. Watu wa mkono wa kushoto wengi huvaa saa kulia, na bibi au fundi wangelijua hilo.

#28 Mjukuu wa Seremala
Shangazi mdogo anasema babu alikula kulia lakini nyundo alishika kushoto. Shangazi mkubwa anasema hapana, alishika kulia. Wamegombana kwenye simu.

#29 Likoni Juu
Kidole kilichokatika ni cha kushoto. Anayeshika msumeno kulia, mkono unaozuia mbao ni wa kushoto, na ndio unaokatwa. Kwa hiyo alitumia kulia.

#30 Mwl. Pongwe
Au baada ya kukatwa alihamia mkono mwingine. Nimewaona mafundi wakifanya hivyo.

#31 Neema wa Usa
Koti limefungwa? Kama lilichorwa kutoka kioo, vifungo vitakaa upande wa kike.

#32 Mjukuu wa Seremala
Liko wazi. Tai ndiyo inaonekana.

#33 Kobe wa Changuu
Mnanikumbusha picha iliyochorwa na Mwingereza Thomas Gainsborough, Bwana na Bibi Andrews, ya mwaka 1750 hivi, iko National Gallery, London. Mashamba yao nyuma, bunduki, mbwa, miganda ya ngano, kila kitu cha mali kimekamilika. Ila kwenye mapaja ya bibi kuna pengo, kitambaa kitupu hakijapakwa rangi. Wengine wanasema palikuwa pawekwe ndege aliyewindwa, wengine mtoto atakayezaliwa, wengine kitabu au kazi ya kushona. Watu wamebishana miaka mingi sana. Na mikono ya watu wake inatokea kama ya mwanasesere, naye kweli alitumia wanasesere waliovishwa nguo. Mikono ndiyo inayowasaliti wachoraji kila mahali.

#34 Mwana Katuba
Swali langu mimi ni lingine. Tumetazama saa, koti, mikono. Fremu je? Nani alitengeneza fremu?

#35 Bint Ngamiani
Nyumbani kwa seremala! Tumelala wote.

#36 Mjukuu wa Seremala
Wakuu, nimesafiri mwenyewe Tanga Jumamosi. Tumeishusha picha, mimi na binamu, juu ya mkeka.

Fremu ni mninga. Pembe zote nne zimefungwa kwa meno ya mbao yaliyoingiana, hakuna msumari hata mmoja. Nilipitisha ukucha kwenye maungio, haukuingia. Hiyo ni kazi ya babu, kabati la bibi lina maungio hayohayo. Mbao za ndani zilizokaza kitambaa nazo ni zake. Nyuma ya kitambaa mistari ya miraba haionekani, ila juu ya ubao kuna maandishi ya penseli: "6 — bado 2."

Baba anasema ni mwandiko wa babu. Hajui sita ya nini.

#37 Fundi Rangi
Fremu sita. Bado mbili. Mchoraji anahitaji fremu kuliko anavyohitaji chakula. Babu yako alilipa kwa mbao.

#38 Bint Ngamiani
Au malipo ya awamu. Shilingi ngapi ngapi kwa miezi sita, bado miwili. Bibi alikuwa kwenye upatu?

#39 Mwl. Pongwe
Au vipande vya mbao vya kazi nyingine kabisa. Seremala huandika juu ya kila ubao.

#40 Mama Wawili
Kama Fundi Rangi yuko sahihi basi huko Tanga kuna picha nyingine nane za watu zenye fremu za babu. Wenye kwenu Makorora, Ngamiani, Chumbageni, geuzeni picha za wazee wenu mtazame pembe.

#41 Dulla Chumbageni
Kwa mama mkubwa ipo moja ya babu yake, kofia na kanzu. Nakwenda kesho baada ya swala ya alasiri.

#42 Mjukuu wa Seremala
Dulla, itazame na mikono yake. Kama kuna saa, niambie iko mkono upi.